Moshi wa Pijo ya Mzee Beda

Nyumba ya marehemu katekista kule Kizwite, Sumbawanga, ilitoa walimu watatu, sista mmoja na karani wa mahakama. Mwisho kabisa ikamtoa Flavian, fundi magari. Mwalimu Evodia, aliyeolewa na Mzee Beda, mtoto wa kwanza wa nyumba hiyo, alikuwa na desturi ya kuwataja wote hao kwa wageni, mmoja baada ya mwingine. Akifika kwa Flavian alisema, "Na mdogo wetu wa mwisho yuko kwenye mambo ya ufundi," kisha akamuuliza mgeni kama angependa kuongezewa chai.

Si kwamba hakumpenda. Flavian aliletwa kwake akiwa darasa la tatu, miguu imepasuka kwa baridi, na Evodia ndiye aliyemnunulia sweta la kwanza na kumfundisha kuandika kwa wino bila kudondosha matone. Alitaka awe daktari. Alipofika darasa la saba, Flavian aliifungua redio ya mbao ya kaka yake, akaimwaga yote mezani, akairudishia, ikawa inasikika vizuri kuliko siku iliponunuliwa. Mzee Beda alicheka mpaka akakohoa. Evodia hakucheka. Alijua siku hiyo kwamba udaktari umekwenda.

Flavian alifanya kazi kwenye karakana ya serikali kwa miaka kumi na sita, mpaka zilipoanza zile barua za kupunguza watu. Ya kwake ilikuja mwaka 1993. Alitoka na sanduku la spana, akafungua gereji chini ya mikaratusi kando ya barabara ya Jangwani. Ilikuwa miaka ya ruksa, serikali imefungulia biashara. Maduka yaliyokuwa na sabuni na viberiti peke yake sasa yalijaa kandambili, redio za kaseti na spea za kutoka Dubai, na kila aliyewahi kushika bisibisi alijiita fundi. Wengi wao walitibu gari kwa kubadilisha vitu mpaka kelele iishe. Flavian hakuwa hivyo. Kwanza alimkalisha dereva kwenye benchi na kumuuliza: gari linalala wapi, linawashwa saa ngapi, linapanda mlima gani, linabeba nini. Wenzake walimwita Fundi Maswali. Mara nyingine alifunga boneti na kusema, "Gari halina ugonjwa, kaka. Nenda nyumbani." Ndiyo maana hakutajirika.

Mzee Beda alifariki mwaka uliofuata. Alikuwa ofisa elimu, na kati ya vyote alivyoacha, kilichobeba jina lake mjini ni gari, Pijo nyeupe 504, iliyokuwa ikisimama mbele ya kanisa kila Jumapili tangu watoto wake wakiwa wadogo. Watu hawakusema gari la Mwalimu Evodia, ingawa yeye ndiye aliyeliendesha sasa. Walisema, "Pijo ya Mzee Beda hiyo inapita." Na Evodia, akiwa ndani na kitambaa chake kichwani, alikaza mgongo.

Mwaka 1996 mradi wa maji wa wafadhili ulitangaza kwamba unahitaji gari la mtu binafsi, zuri, la kuwachukua wageni wao hapa mjini. Evodia aliandika barua siku hiyo hiyo. Mkataba wenyewe haukuwa mkubwa. Alichotaka ni Pijo ionekane tena mbele ya ofisi za watu, kama enzi za mwenyewe. Lakini wafadhili walikuja na sharti la kwao: gari lipimwe moshi mara tatu, kila baada ya mwezi, na kipimo kisizidi nne na nusu. Walikuwa na mashine ya kazi hiyo, sanduku lenye kioo cha namba na mpira mrefu wenye fimbo mwishoni, inayoingizwa kwenye ekzosi, bomba la moshi. Mwenye kuisimamia alikuwa Masanja, mtu mzima mwenye kitambi, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia bonde la Rukwa na ng'ombe wao.

Siku ya kwanza, mwezi Juni, namba zilipanda zikasimama kwenye saba nukta nane.

"Mwalimu," alisema Masanja, "hapa moshi ni mwingi. Gari linakula petroli isiyoungua."

"Gari hili halijawahi kufeli kitu," alisema Evodia.

"Basi limeanza leo, mama yangu. Litafutie fundi."

Alilipeleka kwa Flavian. Flavian alimpokea kwa adabu za Kifipa, akainama kidogo na kupiga makofi mepesi, kisha akafungua boneti. Alianza na vitu rahisi. Alipuliza vumbi kwenye eya klina, chujio la hewa. Alitoa plagi nne, zote nyeusi kama masizi ya chungu. Alifungua kabureta, petroli inapochanganyikia na hewa, akapima kimo cha petroli ndani yake, kikawa sawa.

"Wengine watakwambia ni mwinuko wetu," alisema. "Gari likipangwa pwani, hewa ya kule ni nzito. Ukilileta huku juu Ufipa, hewa ni nyepesi, petroli inabaki ile ile, basi linatoa moshi. Lakini hilo nilishamrekebishia kaka zamani." Akachomoa dipstiki, kijiti cha kupimia oili, akainusa, kisha akaisogeza puani kwa Evodia. "Nusa, shemeji."

"Ninuse nini mimi?"

"Oili. Inanuka nini?"

"Inanuka oili, Flavian."

"Hapana, nusa kama mwalimu."

Evodia alinusa tena, na kweli, chini ya harufu ya oili kulikuwa na petroli. Flavian akamweleza taratibu. Petroli ilikuwa imechuja mpaka ndani ya oili. Injini ikipata joto, mvuke wa petroli hiyo unapanda kwenye mpira wa kupumulia na kurudi kuunguzwa tena, kwa hiyo injini inakunywa mara mbili, na mashine ya Masanja inasoma yote.

Waliporudi mradini, Flavian aliuchomoa mpira ule mbele ya madereva wote. Namba zikashuka polepole, saba, sita, tano, zikatulia kwenye nne nukta moja. Madereva walipiga miluzi. Flavian akamwaga oili chafu, akatia mpya, akarudisha mpira mahali pake. Tatu nukta sita. Masanja akaandika kwamba gari limepita, na Evodia, kwa mara ya kwanza maishani, alimwambia mtu asiyemjua, "Huyu ni mdogo wake marehemu mume wangu."

Hapo ndipo pangeishia, kama Flavian angekuwa fundi wa kuishia hapo.

"Bado sijamaliza," alisema. "Oili ni mpya, lakini petroli iliingiaje?" Alikuwa ameshafungua pampu ya petroli na kukuta ngozi yake ya ndani, ambayo ikipasuka humwaga petroli kwenye oili, ni nzima, haina hata ufa. Akajifuta mikono. "Shemeji, hebu niambie. Asubuhi unaliwashaje?"

Aliuliza kama alivyomuuliza kila mtu. Lakini madereva walikuwa wamesimama pale, na mmoja alitabasamu.

"Naliwasha kwa ufunguo," alisema Evodia. "Nilikuwa naendesha gari hili wewe ukisukuma ringi ya baiskeli barabarani."

Watu waliangua kicheko. Flavian naye alicheka kidogo. "Samahani, shemeji," akasema, akafunga boneti.

Ukweli ni kwamba Evodia alikuwa na jibu, ila alilionea haya. Asubuhi za Juni na Julai Sumbawanga huwa na baridi ya kuuma vidole, na Pijo haikuwaka bila kuvuta choki, kile kishikio cha kwenye dashibodi kinachoipa injini petroli nyingi na hewa kidogo mpaka ipate moto. Kishikio kilikuwa kimelegea, kikivutwa kinarudi ndani chenyewe. Mzee Beda, katika miaka yake ya mwisho, alikizuia kwa kibanio cha kuanikia nguo. Yeye alikuwa akikitoa gari likipata moto tu. Evodia alikiacha. Alikwenda shuleni, alikwenda kanisani, alikwenda sokoni, safari fupi fupi ambazo injini haikuwahi kupata moto sawasawa, na kibanio kikiwa pale pale. Alikitoa alipokaribia watu, akakitia mkobani, maana haikupendeza Pijo ya Mzee Beda ionekane imeshikiliwa na kibanio cha nguo. Kwamba kibanio hicho kingeweza kuchafua oili, hilo halikumjia kichwani. Alidhani ni suala la kuonekana vizuri, basi.

Mwezi Julai kipimo kilisoma saba nukta nne. Flavian alibadilisha oili tena, namba zikashuka, kisha akakaa muda mrefu ndani ya gari peke yake, ameinamia dashibodi. Alipotoka alisema tu, "Shemeji, mwezi huu liendeshe mbali kidogo. Nenda mpaka Chala ukawasalimie watu, urudi."

"Nina kazi, Flavian. Mimi si utingo."

Kipimo cha tatu kilikuwa katikati ya Agosti. Siku hiyo wageni wa mradi walikuwepo, na wazee wawili wa parokia waliokuja kuomba bomba la maji. Masanja aliingiza fimbo. Nane nukta moja. Mmoja wa wazee wa parokia, aliyemfahamu Mzee Beda tangu seminari, alitikisa kichwa na kusema, "Kumbe Pijo ya Beda nayo imeisha."

Evodia alisikia maneno hayo kama mtu amemtaja marehemu mwenyewe kwa dharau. Akaona lazima aseme kitu, na alichosema kilitoka kwa sauti ile ya ubaoni, ya kufika dawati la nyuma:

"Gari halijaisha. Muulizeni fundi spea nzuri za kaka yake ziko kwenye magari ya nani sasa."

Masanja alitazama kioo cha mashine yake. Flavian alikuwa ameshika spana mkononi. Akaigeuza mara moja, akaitia mfukoni. Alimtazama shemeji yake, na Evodia, hata miaka baadaye, hakuweza kusema kama macho yale yalikuwa ya hasira. Yalikuwa ya mtu aliyefungua mdomo kisha akaamua kuufunga.

"Sawa, shemeji," alisema. Akaondoka kwa miguu.

Mji wa Sumbawanga wakati ule haukuwa mkubwa kiasi cha neno kama hilo kupotea njiani. Kabla ya Septemba kuisha, chini ya mikaratusi kulibaki Landrova moja isiyo na injini. Mradi, uliokuwa umeanza kuzungumza naye kuhusu kuyatunza magari yao, ukampa kazi hiyo mtu mwingine. Evodia alipeleka Pijo kwa fundi mpya mwenye ovaroli la bluu, ikatiwa kabureta mpya iliyotoka Dubai. Ikapimwa. Saba nukta tisa. Mkataba ukaenda kwa gari la mfanyabiashara wa Majengo. Evodia alijiambia kwamba wafadhili ni watu wa upendeleo. Mwezi Januari Flavian alihamisha mke wake Justa na watoto wao wawili kwenda Chala, akaanza kutengeneza mashine za kusaga.

Juni iliyofuata, asubuhi moja baada ya misa, Evodia alimkuta Masanja kando ya barabara akipuliza viganja vyake, akampa lifti. Hawakufika mbali kabla Masanja hajanyoosha kidole.

"Mama, hiki kibanio ni cha nini?"

Kwa kuwa alikuwa amechoka kuficha kitu kidogo kiasi kile, alijibu. "Ni cha choki. Inarudi yenyewe."

"Na unakitoa wapi?"

"Nikikaribia kufika."

Masanja alicheka, kitambi kikatikisika. "Basi mwaka mzima unainywesha injini petroli kama unamnywesha mtoto dawa, kwa nguvu! Ndiyo inayoshuka kwenye oili." Kisha kicheko kikamwishia. "Fundi wako alijua, Mwalimu. Tangu ile Julai. Alikuta alama za meno ya kibanio kwenye kishikio. Akanieleza yote, akaniomba nisiseme mbele za watu. Alisema, 'Shemeji atajua mwenyewe. Ni mtu mzima, ni mwalimu wangu.'"

Evodia alisimamisha gari. Alikitoa kibanio, akakisukuma kishikio ndani kwa kidole gumba, akakishikilia hapo mpaka kidole kikamuuma. Masanja alishuka akaaga, akasema atatembea kilichobaki.

Usiku ule, na siku nyingine nyingi, alianza barua kwa Flavian. Mwandiko wake ulikuwa mzuri, ule wa masista. Ya kwanza iligeuka salamu. Ya pili iligeuka habari za mvua na maharage. Ya tatu ilifika mpaka "Kuhusu lile jambo la Agosti," ikaishia hapo. Akatuma gunia la maharage bila barua.

Pasaka ya mwaka uliofuata Flavian alikuja Kizwite na familia yake, kama ilivyo desturi ya nyumba, wote wakutane kwa mtoto wa kwanza. Evodia alimpa kipande cha kwanza cha nyama. Mezani walikuwepo paroko msaidizi, karani Eustaki, mtoto wa pili wa nyumba hiyo, na mkewe.

"Pijo inaendeleaje, shemeji?" aliuliza Flavian.

"Inaendelea."

"Moshi?"

"Hautoki tena."

"Vizuri," alisema, akaomba chumvi.

Evodia alimpa chumvi. Alikuwa na sentensi nzima mdomoni, imeshapangwa, ina kiima na kiarifu. Akamtazama paroko msaidizi akitafuna, akaona atasema jioni. Jioni mvua ilitishia, na lori la Chala likapiga honi.

Flavian alifariki mwezi Agosti, siku nne tangu aanze kutetemeka kwa malaria. Alikuwa na miaka arobaini na moja. Alizikwa Chala. Familia ilipokutana uani kabla ya mazishi, Eustaki alimletea Evodia karatasi na kalamu.

"Mwalimu, wasifu wa marehemu uandike wewe. Tunaujua mwandiko wako."

Aliandika kwenye meza ndogo, akiwa amezungukwa na akina mama wanaochambua mchele. Aliandika mwaka wa kuzaliwa, shule, ubatizo, ndoa. Aliandika kwamba alilelewa na kaka yake. Alipofika mwaka 1996 kalamu ilisimama. Alifikiria jina la nyumba, na watu waliotoka Sumbawanga kwa lori, na wazee wa parokia. Akaandika: "Mwanzoni mwa mwaka 1997 alihamia Chala kuendeleza shughuli zake." Na mbele ya kaburi aliisoma sentensi hiyo bila kukwama, kwa sauti iliyofika nyuma kabisa.

Jioni, watu walipopungua, Justa alimkuta jikoni akisuuza masufuria. Justa alikuwa mdogo kwa Evodia miaka ishirini, na siku zote alimwamkia huku amepiga goti. Safari hii alibaki amesimama.

"Umesoma vizuri, mama mkubwa," alisema. "Watu wameupenda."

"Asante, Justa."

"Kuendeleza shughuli zake."

Evodia aliweka sufuria chini.

"Mimi nilijua habari za kile kibanio," alisema Justa. "Alinieleza usiku ule ule. Nikamwambia, nenda ukaseme, usikae kimya, tutakula nini? Akasema yule ndiye aliyemfundisha kushika kalamu, hawezi kumwaibisha mbele ya madereva. Mimi nilikasirika, nakwambia ukweli. Nilikasirikia wote wawili."

"Nilikuwa nataka kusema. Nimeandika barua—"

"Maharage yalifika." Justa alijifuta uso kwa ncha ya kanga. "Agnesi yuko darasa la sita. Hapa shuleni kuna watoto waliohamia kutoka mjini. Mwaka na nusu sasa wanamwita mtoto wa mwizi wa spea. Akirudi analia, baba yake alikuwa anamwambia, wataacha. Hawajaacha. Juzi baba yake anaumwa, walimwimbia."

Moto jikoni ulikuwa umebaki kaa tu. Evodia alitafuta neno, na yote yaliyokuja yalikuwa ya kujitetea. Moja baada ya jingine akayaacha. Alikumbuka jinsi darasa linavyonyamaza mgeni anapoingia, vichwa arobaini vikimgeukia. Alikuwa amesimama mbele ya vichwa hivyo maisha yake yote bila kuogopa.

"Pole yako siitaki leo, mama mkubwa," alisema Justa. "Wewe ni mwalimu. Neno lako wataliamini. Jumatatu Agnesi anarudi shule."

"Lori letu linaondoka kesho," alisema Evodia, akajisikia anavyosema, akaona haya. Nje Eustaki alikuwa akiita majina ya watakaopanda lori, na jina lake likaitwa, likaitwa tena. Hakuitika.

"Shule ni mbali?" aliuliza.

"Nyuma ya mnada. Ni mwendo wa miguu."

"Wanakusanyika saa ngapi?"

"Saa moja na nusu. Kwenye bendera."

"Mwambie Eustaki waniache," alisema Evodia. "Na umwambie Agnesi nitakwenda naye."

Justa aliliokota sufuria lililokuwa chini, akamwaga maji machafu nje ya mlango, akatoka kwenda kumwambia Eustaki.